Nyumba ya Ba Mama

Siku ya kwanza niliporudi nyumbani na toga yangu ya uwakili mkononi, majirani zetu wa mtaa wa Kikula walipiga vigelegele mpaka mtu mmoja akauliza nitashughulikia kesi za namna gani.

"Mirathi na wasia," nikajibu.

Vigelegele vikakatika. Mama mmoja aliyekuwa ameushika mkono wangu akauachia taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria akagundua ni ya moto. Tangu siku ile jina langu Jaël likapotea mtaani. Nikawa Maître ya Bafu, wakili wa wafu.

Sikukasirika. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikiamini kwamba kama kila baba wa Likasi angeketi mezani asubuhi moja na kuandika nani achukue nini, nusu ya ugomvi wa mji huu ungeisha. Bado naamini. Shida ni kwamba kwetu mtu akiandika wasia anaonekana amekiita kifo kije kunywa chai. Bosi wangu, Maître Évariste, mwenye ofisi juu ya duka la dawa katikati ya mji, amefanya kazi hii tangu sijazaliwa, na yeye mwenyewe hana wasia.

"Nitaandika," husema kila nikimkumbusha. "Wacha kwanza nipone mafua."

Suzanne alikuja ofisini kwetu asubuhi ya mvua, amevaa nguo nyeusi ya msiba, na beseni la vitumbua kichwani chini ya mfuko wa plastiki. Aliliweka mezani kwangu, juu ya faili, akaketi.

"Kula kwanza, Maître," akasema. "Maneno yangu iko murefu."

Maneno yake hayakuwa marefu. Mumewe Augustin, fundi umeme, alikuwa amefariki hospitalini mwezi uliopita. Aliacha vitu viwili vya maana: nyumba ya Kikula, ambayo Suzanne alikuwa akikaangia vitumbua barazani pake kila alfajiri, na shamba la mahindi kwenye barabara ya Kambove. Watoto hawakujaliwa. Sheria yetu ikikuta nyumba ya namna hiyo, inamwita mjane na ndugu wa marehemu, kila upande na fungu lake, na mara nyingi mwisho wake nyumba inauzwa ili wagawane. Lakini kuna mlango mmoja. Mtu anayekata roho anaweza kusema kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili, kipi kimwendee nani. Augustin alisema. Shamba ni la mdogo wake Cédrick. Na nyumba?

"Nyumba ni ya mama," Suzanne akasema. "Njo vile waliandika mu kikao ya jamaa."

Nikaruka kitini. "Basi umeshinda! Mama si ni wewe?"

"Cédrick anasema mama ni Michelle."

Michelle alikuwa binti ya Cédrick. Alipozaliwa alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa Cédrick na Augustin, aliyekufa zamani. Na huku kwetu mtoto akibeba jina la mama yako, unamwita mama, hata kama bado anajikojolea. Augustin alimwita Michelle mama tangu akiwa kwenye kitambaa cha mgongoni. Kikula nzima ilijua. Cédrick, mnunuzi wa madini kule Kamatanda, alikuwa ameshapata mtu wa kununua nyumba, na lori alilolitaka alikuwa ameshalizunguka akipiga teke matairi.

Nilichukua kalamu. "Sawa. Tuonyeshe kwamba na wewe alikuita mama. Nyumbani alikuwa anakuitaje?"

"Suzanne."

"Akiwa na furaha?"

"Suzy."

"Na akikasirika?"

"Suzanne wa Mwene-Ditu." Akacheka kidogo. "Na minye nilizalikiwa hapa Likasi, hata baba yangu alizalikiwa hapa. Mwene-Ditu yenyewe, muji ya babu zangu, sijafikaka."

"Lakini mama? Hata mara moja?"

Aliukunja ule mfuko wa plastiki, akaukunjua, akaukunja tena.

"Hapana, Maître. Tulipooana, bantu bote balikuwa bananiita mama, mama, juu ya heshima. Kila mara ninaangalia chini. Mama ya nani? Miaka ikapita, ikapita. Augustin akaona. Siku moja akaniambia: Suzanne, minye ile neno sitakuumiza nayo. Basi yeye hakuniitaka vile."

Kalamu yangu ilikuwa bado iko juu ya karatasi na haikuandika kitu. Maître Évariste, aliyekuwa akisikiliza kutoka meza ya pili huku akijifanya anasoma gazeti, akashusha gazeti.

"Hilo usilitaje mahakamani," akasema.

"Juge akiniuliza?"

"Sema hukumbuki."

"Lakini ninakumbuka." Suzanne alimtazama bila hasira. "Mwanaume alinipenda vile, Maître, nisahau ile juu ya mabati ya nyumba?"

Bosi akarudi kwenye gazeti lake. Mimi nikala kitumbua cha tatu. Kama jaji angemuuliza, angesema kweli, na ile kweli ingemtoa ndani ya nyumba yake.

Mashahidi wa maneno ya Augustin walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa binamu yake, Papa Constantin, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, ambaye ndiye aliyeandika kumbukumbu za kikao cha jamaa. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa tamu kusoma, zimejaa mkato na nukta mahali pake, na katikati palikuwa na sentensi ile: *la maison revient à maman*, yaani nyumba inamwendea mama. Wa pili alikuwa muuguzi aliyekuwa zamu, Sylvie. Kwake hakuna aliyekuwa amekwenda.

Nilimkuta anaanika mashuka nyuma ya wodi.

"Da Sylvie," nikamwambia, "nisemee kama alivyosema yeye. Usinisafishie."

"Sasa nisafishe nini? Alitoa masque ya oksijeni ku uso, nikamugombeza, akasema: 'Shamba ni ya Cédrick. Nyumba ni ya ba mama.' Kisha akaomba maji. Nikamupa."

"Ya mama, au ya ba mama?"

"Ya *ba* mama." Alinitundikia shuka begani kama mimi ni kamba. "Minye masikio yangu iko muzima."

Niliteremka mlima wa hospitali nusu nikikimbia. Msomaji asiye wa huku anahitaji kujua kitu kimoja: kwetu mtu mkubwa hatajwi kama mmoja. Baba yako si papa, ni ba papa. Si *amefika*, ni *bamefika*. Si *yuko* sokoni, ni *beko* ku soko. Ni mmoja tu, lakini heshima inamfanya wengi. Papa Constantin, alipotafsiri, alikuwa ameitupa ile *ba* njiani.

Maître Évariste alinisikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi.

"Ni vizuri," akasema. "Sasa niambie. Augustin angemtaja mama yake aliyemzaa bila *ba*?"

"Hapana."

"Na Michelle amebeba jina la nani?"

Nikaketi. Ile *ba* ilikuwa mlango, ila ulifunguka pande zote mbili.

Aliyejua Augustin alivyozungumza ni yule aliyekua akimsikia. Michelle alikuwa akikaa kwa baba yake mkubwa huyo kila likizo tangu utoto. Kwa Kifaransa cha nyumbani, Augustin alikuwa tonton wake, na Suzanne tantine wake. Nilimkuta katika soko la Kikula, kwenye kibanda chake cha kusuka nywele, vidole vimezama ndani ya nywele za mteja hadi kwenye viungo.

"Maître ya Bafu!" mteja akapiga kelele kwa hofu. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kwa Michelle."

"Michelle, weye uko mugonjwa?"

Michelle hakucheka. Alikuwa msichana mrefu, mpole, mwenye kitana kimesimama kwenye nywele zake kama bendera. Nilipoanza tu kumuuliza tonton alikuwa akiongea namna gani, alitikisa kichwa.

"Maître, yule mwenye kesi ni papa yangu. Usiniulize hapa, soko iko na masikio. Juge akiniuliza, nitajibu. Ni ile tu."

"Utajibu nini?"

"Nitajibu."

Na papo hapo akatokea Cédrick mwenyewe, shati limechomekwa vizuri, viatu vimejaa vumbi jekundu la Kamatanda. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinisumbua. Alinipa mkono kwa mikono miwili.

"Maître Jaël! Ulikuja kusukwa ao kunisukia kesi?"

"Kusalimia tu, Papa Cédrick."

"Salimia, salimia. Shemeki yangu Suzanne haiko na shida, utamwambia. Nitamupangia chumba ya muzuri. Hata vitumbua atakaanga kule." Akamgeukia binti yake. "Mama, ulikula?"

"Ndiyo, papa," Michelle akasema, akaendelea kusuka, na sikuona tena macho yake.

Nilipomweleza Suzanne jioni ile habari za chumba, alikuwa barazani akichunga unga. Hakusimamisha chekeche.

"Chumba," akasema. "Huu ukuta, Maître, Augustin alipitisha waya mwenyewe. Taa ya baraza aliiweka chini, ili mafuta nione vizuri wakati iko bado giza. Mu chumba ya Cédrick, nani anajua minye naona wapi?"

Siku ya mahakama nilivaa toga yangu iliyopigwa pasi mara mbili. Chumba kilikuwa kidogo, madirisha wazi, na nje mtu alikuwa akiuza mahindi ya kuchoma, hivyo kesi nzima ilinukia mahindi. Jaji alikuwa mama mwenye miwani na sauti ya upole ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza.

Alianza na Papa Constantin. Alikuja amevaa tai.

"Uliandika *maman*," jaji akasema. "Muuguzi anasema marehemu alitamka *ba mama*. Ni yupi anakosea?"

"Hakuna, Madame la Juge. Minye nilitafsiri." Alirekebisha tai. "Ile *ba*, kwa Kifaransa haiko. Ningeandika nini? *Les mamans*? Bantu bangesema marehemu alikuwa na bamama wengi. Ni aibu ku jamaa, na ni kosa ya sarufi."

Watu wakacheka, na jaji akaficha mdomo kwa kalamu.

"Kwa hiyo ulisikia *ba*?"

"Nilisikia. Niliiheshimu mu roho."

Sylvie alipoitwa alisema yale yale aliyoniambia mimi, pamoja na maji. Kisha Cédrick akasimama kabla hajaitwa.

"Madame la Juge, hiyo *ba* ni yangu! Mutoto wangu amebeba jina ya mama yetu. Mama yetu utamwita mama tupu? *Ba* ni heshima ya jina. Uliza bantu bote. Shemeki hapa, muulize yeye mwenyewe, Augustin alimwitaka mama?"

Jaji akamgeukia Suzanne. Nyuma yangu Maître Évariste akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha mafua.

"Hapana, Madame la Juge," Suzanne akasema. "Hakuniitaka mama."

Cédrick mwenyewe, badala ya kufurahi, aliangalia viatu vyake. Jaji aliandika kitu, na mimi nilijua anachoandika, na nikasimama.

"Madame la Juge, naomba Michelle aulizwe. Si aulizwe mama ni nani. Aulizwe marehemu alikuwa anaongea namna gani."

"Ni binti wa upande wa pili, Maître. Umeshaongea naye?"

"Nilijaribu. Alikataa."

"Na bado unataka nimuulize?"

"Ndiyo."

Sasa bosi alikohoa kweli. Chuoni walitufundisha usiulize swali mahakamani kama hujui jibu lake. Lakini nilikuwa nimemwona msichana yule akikwepesha macho sokoni, na niliamini kwamba mtu asiye na la kusema hakwepeshi macho hivyo.

Michelle alikuja mbele, kitana bado kiko kichwani, alikuwa amekisahau.

"Marehemu alikuwa anakuitaje?" jaji akauliza.

"Mama."

Cédrick akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Mama, ao ba mama?"

"Mama. Mama tu. 'Mama, leta kisu. Mama, weye uko na kichwa nguvu kama babako.'" Watu wakacheka tena, Cédrick naye. "Minye ni mutoto, Madame la Juge. Angeniambia *ba mama*, ningezani ananichekelea."

"Na ba mama alikuwa nani? Bibi yako?"

"Nkambo alikufa mbele nizaliwe. Tonton akimutaja, alisemaka 'muzazi wetu'."

"Basi nani?"

Michelle alimtazama baba yake. Kisha akamgeukia Suzanne, na jibu akampa yeye, si jaji.

"Tantine, unakumbuka mu likizo, weye ukiwa ku soko ao ku shamba? Tonton anatoka ku kazi. Hata begi hajaweka chini. Anasimama ku mlango, ananiuliza: 'Mama, ba mama beko wapi?'"

Jaji akavua miwani.

"Sema tena," jaji akasema.

"'Mama, ba mama beko wapi?' Mama ni minye. Ba mama ni tantine. Kila siku ile. 'Uachie ba mama nyama.' 'Usipige kelele, ba mama banalala.' Weye ukiingia, anabadilisha: 'Suzanne, umefika?' Minye nilizani ni mchezo yenu." Akafuta jicho kwa kiganja. "Papa, unisamehe. Lakini na weye ulimusikiaka."

Cédrick akavua saa yake, akaivaa tena.

"Nilimusikiaka," akasema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini. "Lori ilikuwa ya muzuri, Madame la Juge. Ila nilimusikiaka."

Suzanne hakusikia sehemu ile ya lori. Alikuwa bado amesimama mahali alipojibia.

"Nyuma yangu?" akamuuliza Michelle. "Nyuma yangu njo alikuwa anasema vile?"

"Mbele ya bantu bote, tantine. Weye tu njo haukusikiaka."

Hukumu ilitoka baadaye, kwa Kifaransa safi: shamba kwa Cédrick, nyumba kwa mjane. Jaji hakujaribu kuitafsiri ile *ba*. Aliiandika kama ilivyo, kwa Kiswahili chetu, ikiwa na alama za kunukuu kila upande, na Papa Constantin aliponiona kwenye ngazi aliniambia kwamba, kwa kusema kweli, ni suluhisho la kiungwana.

Maître Évariste alinialika tule bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwetu. Alinigombeza mpaka chakula kikaisha, juu ya lile swali nisilojua jibu lake. Kisha akaomba karatasi nyeupe, akaandika juu yake *Wasia wangu*, akapiga mstari chini. Akaikunja, akaitia mfukoni. Mafua yalikuwa hayajaisha.

Nilikwenda Kikula Jumamosi moja, mahindi ya kwanza yalipokomaa. Michelle alikuwa barazani, mbele ya karai la mafuta, akigeuza vitumbua chini ya taa ile iliyowekwa chini. Alikuwa amehamia chumba cha nyuma cha nyumba ile, karibu na soko lake. Sikuwa nimemaliza kusalimia, geti likafunguka. Cédrick aliingia na gunia begani, mahindi ya shamba la kaka yake, na alipoliona karai, na binti yake, na mimi, akakwama katikati ya ua kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa sala.

Akashusha gunia. Akajifuta uso.

"Mama," akamwambia binti yake, polepole, "ba mama beko wapi?"

Ndani, kelele ya kutwanga unga ilisimama. Kupitia mlangoni nilimwona akifuta mikono yake kwenye kanga.

"Beko huku," Suzanne akajibu. "Ingia, shemeki. Vitumbua iko moto."